Je, wajua kwa nini ndui, ugonjwa usio na mgonjwa hata mmoja duniani, bado huogopwa kama silaha?

Wazee wetu wa Mombasa waliozaliwa kabla ya miaka ya 1970 wana alama moja ambayo wajukuu wao hawana. Bibi akishavua buibui akabaki na dera lake la nyumbani, mkono ukainuka kuchukua kikombe rafuni, kovu hilo huonekana karibu na bega: la mviringo, limebonyea kidogo, ukubwa wa sarafu, na ngozi yake imejikunja kama iliyoungua kisha ikapona. Ni kovu la chanjo ya ndui. Vijana wengi hudhani kuwa nao wanalo, kwa kuwa wana kovu mkononi tangu utotoni, lakini hilo lao ni la chanjo ya kifua kikuu, nayo haimkingi mtu na ndui hata kidogo.

Jibu la swali letu limo katika tofauti ya makovu hayo mawili. Tarehe 8 Mei 1980, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imetokomezwa, na mpaka leo hakuna ugonjwa mwingine wa binadamu uliowahi kufikishwa huko. Yawaje basi maradhi ambayo hayapo katika kijiji wala mji wowote yatajwe kila mara wataalamu wanapozungumzia silaha za kibiolojia, tena mara nyingi kabla ya maradhi yanayoua watu leo hii?

Ni kwa sababu ushindi huo ndio uliotuondolea kinga. Ndui ya aina kali iliua takriban watu 3 katika kila 10 iliowapata, na wanaokadiriwa kufikia milioni 300 walikufa kwayo katika karne ya 20 pekee. Waliopona walibaki na nyuso zenye mashimo, na baadhi yao wakapofuka. Iliambukizwa kwa pumzi ya watu waliokaribiana, na pia kwa nguo na matandiko ya mgonjwa. Ilikuwa na udhaifu mmoja tu, kwamba haikuwa na mnyama wa kujifichia. Virusi vyake viliishi kwa binadamu peke yake, kwa hiyo mlolongo wa wagonjwa ulipokatwa, ugonjwa ulikosa pa kukimbilia. Baada ya hapo chanjo ikasimamishwa, na kwa haki, kwani hakuna sababu ya kumdunga mtoto dhidi ya kitu ambacho hakipo na chanjo yenyewe ilikuwa na madhara yake kwa wachache. Lakini matokeo yake ni kwamba Wakenya walio wengi leo, pamoja na karibu kila kijana utakayepishana naye Marikiti, miili yao haijawahi kufundishwa kupambana na virusi hivyo.

Linganisha na kimeta. Mwaka 2001 barua zenye vijidudu vya kimeta zilitumwa kwa posta nchini Marekani, watu 22 wakaugua na 5 wakafa. Lilikuwa jambo la kuogofya, lakini aliyeugua hakumwambukiza mkewe wala jirani yake, kwa sababu kimeta hakipiti hivyo. Ndui hupita. Mtu huweza kukaa karibu wiki mbili na virusi mwilini bila dalili yoyote, na katika siku hizo akasafiri mbali sana.

Mfano ninaoufikiria zaidi ni wa Yugoslavia, mwaka 1972, ambapo hapakuwa na silaha wala adui. Haji mmoja alirudi nyumbani Kosovo kutoka Makka, akiwa amepitia Iraq, na akaja na ndui bila kujua. Nchi hiyo ilikuwa haijauona ugonjwa huo kwa zaidi ya miaka 40. Mgonjwa mmoja aliyefikishwa Belgrade alikuwa na aina ya ndui inayovujisha damu chini ya ngozi, na madaktari wakaamini kwamba mwili wake umeikataa penisilini. Walimwonyesha hata kwa wanafunzi wa udaktari kama mfano wa mtu aliyedhuriwa na dawa, na huku akiwaambukiza waliomzunguka. Ukweli ulipojulikana, serikali iliwachanja watu wapatao milioni 18, ikafunga vijiji na kuwaweka maelfu karantini. Jumla walipatikana wagonjwa 175, na 35 wakafa. Kumbuka kwamba hilo lilitokea katika nchi ambayo watu wake wengi walikuwa wamechanjwa utotoni, na chanjo ilikuwa bado ikitengenezwa kwa wingi. Ukimtazama daktari wa leo, mwenye bidii na elimu, ambaye ndui ameiona kwenye picha tu, utaelewa kwa nini siku za mwanzo ndizo zinazoogopwa kuliko zote.

Virusi vyenyewe viko wapi? Kwa idhini ya Shirika la Afya Duniani, vimehifadhiwa mahali pawili: Atlanta nchini Marekani, na Koltsovo karibu na Novosibirsk nchini Urusi. Mwaka 1999 nchi wanachama zilikubali kwamba viangamizwe ifikapo mwisho wa 2002, kisha uamuzi ukaahirishwa, na umeendelea kuahirishwa. Wanaotaka vibaki husema kwamba bila virusi hai haiwezekani kupima dawa na chanjo mpya, na ni kweli kuwa dawa ya kwanza dhidi ya ndui, tecovirimat, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Hofu ya silaha haikutokana na ndoto. Umoja wa Kisovieti ulikuwa miongoni mwa waliotia saini Mkataba wa Silaha za Kibiolojia wa 1972, unaopiga marufuku silaha hizo na ambao Kenya pia ni mwanachama wake, na wakati huohuo ukajenga kwa siri mtandao mkubwa wa maabara ulioitwa Biopreparat. Ken Alibek, aliyekuwa naibu mkuu wa mtandao huo, alihamia Marekani mwaka 1992 na kueleza kwamba ndui ilitayarishwa huko kwa tani. Mkataba ule ulianza kutumika mwaka 1975, na mpaka sasa hauna wakaguzi wa kuingia katika maabara za nchi na kuhakikisha kwamba ahadi inatimizwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote katika jambo hili.

Hata hivyo, tukihesabu maisha yaliyopotea kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu wa mwisho kufa kwa ndui hakushambuliwa na adui yeyote. Alikuwa Janet Parker, mpiga picha katika kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya maabara iliyokuwa ikichunguza virusi hivyo. Alifariki Septemba 1978. Na mwaka 2014, katika chumba cha baridi cha maabara moja ya serikali huko Bethesda, Marekani, viligunduliwa vichupa vya ndui vilivyosahauliwa tangu miaka ya 1950. Viwili kati yake vilikuwa bado na virusi hai. Havikuwa Atlanta wala Koltsovo, na hakuna aliyekuwa akivilinda.

Ndiyo maana naunga mkono wanaotaka akiba hizo ziangamizwe, ingawa nakiri kwamba kuziangamiza hakutafunga mlango kabisa. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba watafiti nchini Kanada wameunda upya virusi vya ndui ya farasi, vilivyo jamaa wa karibu wa ndui ya binadamu, na tangu hapo hoja ya kwamba kichupa kikishavunjwa mambo yamekwisha imepungua nguvu. Wafugaji nao wana shauri kama hilo: sotoka, iliyowahi kufyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, na virusi vyake vimebaki katika maabara chache zilizoruhusiwa.

Sisi wa Mombasa tuna sababu yetu ya kulifuatilia jambo hili, kwa kuwa mji wetu ni lango. Meli inapoingia Kilindini kutoka ng'ambo hupandisha bendera ya manjano, maana yake ni kwamba inajitangaza kuwa salama na inaomba ruhusa ya kuingia, na nahodha huwasilisha hati inayoeleza kama kuna mtu aliyeugua au kufa safarini. Ni karatasi isiyovutia macho, lakini mtu anayeisoma kwa makini ndiye mlinzi wetu wa kwanza. Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya aligunduliwa katika mpaka wa Taveta. Mpox ni ya ukoo mmoja na ndui, na chanjo ya ndui huikinga kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kukoma kwa chanjo ile ni sababu mojawapo ya mpox kupata nafasi ya kuenea. Mhudumu wa afya mwenye mafunzo huangalia vipele vyenyewe: vya tetekuwanga hutoka kwa awamu na hujaa zaidi kifuani na mgongoni, ilhali vya ndui vilitoka na kukomaa pamoja, vikajaa usoni na mikononi, hata kwenye viganja na nyayo.

Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani hii hii ya Bahari ya Hindi. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali huko Merka, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari pamoja na watoto wawili wagonjwa ili kulionyesha njia, safari ya dakika chache tu, na hiyo ikatosha. Alipoanza homa ilidhaniwa kuwa ni malaria, na upele ulipotoka ikasemwa ni tetekuwanga. Ni muuguzi mmoja wa hospitali ile aliyetilia shaka na kutoa taarifa. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja, mji ukapekuliwa nyumba kwa nyumba, na katika wiki mbili zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa. Hakuna hata mmoja aliyeugua kutoka kwake. Maalin mwenyewe alipona, na miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi waliositasita jinsi yeye alivyoikimbia sindano kwa kuogopa maumivu, mpaka alipofariki mwaka 2013.