Mshumaa si uzi unaowaka: tunayoyakosea kuhusu darasa la mishumaa Bagamoyo

Nilipoaga nyumbani kwamba Jumamosi nakwenda Bagamoyo kujifunza kutengeneza mishumaa, shangazi aliniuliza kama umeme umeanza kukatika tena. Simlaumu. Kwa wengi wetu mshumaa ni kitu cha dharura, kinakaa kwenye droo ya jikoni pamoja na kiberiti, na kinakumbukwa giza likishaingia. Kulipa nauli na ada ili kwenda kukitengeneza kwa mkono kunaonekana ni kupoteza siku.

Nimeshakwenda mara tatu, kwa fundi yuleyule. Ni mama mtu mzima anayefundishia uani kwake, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, chini ya mwembe. Kila mara nimekuta wageni wamekuja na dhana zilezile, na baadhi nilikuwa nazo mwenyewe siku ya kwanza. Nyingine hazina madhara zaidi ya kukukosesha raha ya kazi. Nyingine zinaweza kukuunguza mkono, au kuunguza nyumba.

"Huo ni mchezo wa watalii, sisi hautuhusu"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Nta iliyoyeyushwa pale uani ilikuwa ya nyuki, imetoka Tabora, na Tabora na Bagamoyo zimejuana muda mrefu kuliko reli. Njia ya misafara kutoka bara ilikuwa ikiishia hapa pwani, wapagazi wakiteremsha mizigo yao kabla ya kuvuka kwenda Unguja. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Singida ina nyuki wengi, na wafugaji wa huko wamekuwa wakitundika mizinga ya magome na ya magogo tangu enzi za mababu. Nta ya nchi hii iliuzwa nje tangu wakati wa Wajerumani, na mpaka leo inauzwa.

Halafu nenda Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Kwa karne nyingi Kanisa Katoliki lilitaka mishumaa ya altare iwe ya nta ya nyuki, na usiku wa Pasaka, Mbiu ya Pasaka inapoimbwa mbele ya mshumaa mkubwa, nyuki wanatajwa humo kwa kazi yao. Ndugu zetu Wakatoliki wameusikia wimbo huo kila mwaka. Sasa mtu anawezaje kusema mshumaa ni mgeni hapa?

Tatizo ni kwamba sisi tunaambiana "fuata nyuki ule asali", na nta haimo kwenye methali. Vijijini wapo wanaokamua asali kisha wanatupa masega. Fundi wetu akisikia hivyo anatikisa kichwa kama aliyeambiwa mtu katupa fedha jalalani.

"Nyuki huokota nta kwenye maua"

Hapana. Kwenye maua wanachukua majimaji matamu na chavua. Nta inatoka mwilini mwao: nyuki kibarua mchanga ana tezi nane chini ya tumbo, zinatoa vigamba vyembamba anavyovitafuna na kuvijengea sega. Wafugaji hukadiria kwamba ili kutengeneza kilo 1 ya nta, nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali. Ukishalijua hilo huulizi tena kwa nini mshumaa wa nta ya nyuki una bei, wala hukwangui tone lililomwagika mezani ukalitupa.

"Kinachowaka ni utambi, nta inaushikilia tu usimame"

Hapa ndipo fundi anapokaa muda mrefu kuliko popote. Siku ya kwanza alinikuta natafuta utambi mnene kuliko yote kwenye kikapu, nikidhani ndio utakaodumu.

"Shikamoo bibi, huu si ndio imara?"

"Marahaba mwanangu. Imara kwa kufunga mbuzi. Njoo nikuonyeshe."

Akawasha kipande cha mshumaa, akauacha uwake mpaka dimbwi dogo la nta likajikusanya juu. Akauzima kwa pumzi. Uzi wa moshi mweupe ukapanda. Akachukua kiberiti kinachowaka, akakisogeza kwenye ule moshi, juu ya utambi kama upana wa vidole viwili, bila kuugusa. Moto ukashuka kwa kufuata moshi, ukaurukia utambi, mshumaa ukawaka tena.

Moshi ule mweupe ni mvuke wa nta ulioanza kuganda hewani, na mvuke wa nta ndio kuni ya mshumaa. Moto unayeyusha nta, nta iliyoyeyuka inapanda kwenye nyuzi za pamba kama chai inavyopanda kwenye andazi ulilochovya ncha tu, ikifika juu inageuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Utambi ni bomba. Ungekuwa ndio kuni, ungekwisha kwa dakika moja, kama uzi wowote unaoutia kiberiti.

Ukilielewa hili, mengine yote yanajipanga yenyewe. Utambi mnene kuliko mshumaa unavuta nta nyingi kuliko moto unavyoweza kuimaliza, na kinachobaki ni masizi ukutani. Utambi mwembamba kupita kiasi unachimba shimo katikati na kuacha ukuta wa nta pembeni, kisha unazama na kuzimika. Nta ya nyuki ni nzito kupanda kuliko parafini, ile nta nyeupe ya mishumaa ya kawaida, kwa hiyo inataka utambi mnene kidogo kuliko ule wa mshumaa wa dukani wenye upana huohuo. Na utambi lazima usukwe. Zamani watu walikuwa wakikaa na mkasi kukata ncha iliyoungua, mpaka mwaka 1825 Mfaransa aliyeitwa Cambacérès alipoleta utambi wa kusuka. Ukiwaka unajipinda pembeni, ncha yake inatoka nje ya mwali na kuteketea yenyewe. Hata hivyo, kabla ya kuwasha ukate, ubaki kama milimita 6.

Ukienda darasani na muda ukawa mfupi, acha rangi, acha mapambo. Muulize fundi habari za utambi.

"Nta ni kama samli, weka tu kwenye sufuria jikoni"

Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Ukipita 85 inaanza kubadilika rangi, ile dhahabu yake inakuwa kahawia. Lakini rangi si kitu. Hatari ni kwamba nta haikupi taarifa. Maji yanatokota, unayasikia. Nta iliyo juu ya moto inatulia tu huku joto likipanda, hadi inafuka na kushika moto. Ndiyo maana sufuria ya nta inakaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, na ndiyo hiyo inayokaa jikoni. Maji hayapiti nyuzi 100, basi na nta haipiti. Kazi yako ni kuangalia maji yasikauke.

Na ikishika moto? Dhana mbaya kuliko zote: "mwagia maji." Usithubutu. Maji ni mazito kuliko nta, yanazama chini, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi mara 1,600 hivi ya maji yaliyouzaa. Nta yote inarushwa hewani ikiwaka. Funika kwa mfuniko, zima jiko, kaa mbali. Pale uani mfuniko unakaa mkono wa kulia wa jiko kuanzia mwanzo wa darasa mpaka mwisho, na mtoto hapiti hapo.

Kuna na lile la dawa ya meno. Siku ya pili niliyokwenda, kijana mmoja alidondokewa na nta kiganjani, mwenzake akaenda mbio kutafuta dawa ya meno, mwingine akataja ute wa yai. Fundi alimshika mkono akampeleka bombani. Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, si ya barafu. Nta iliyoganda juu ya ngozi usiibandue kwa nguvu, maana itaondoka na ngozi. Vaa mikono mifupi au ikunje. Dera la mikono mipana liache nyumbani siku hiyo.

"Kadiri unavyouacha ndani ndivyo unavyonenepa"

Mshumaa wa kuchovya unajengwa kwa tabaka. Mchovyo wa kwanza tu ndio wa kukawia, utambi unywe nta na kutoa vipovu vya hewa. Kisha unaunyoosha kwa vidole. Kuanzia hapo ni kuzamisha na kutoa kwa mwendo mmoja, bila kusita, halafu kusubiri mpaka mng'ao wa juu ufifie. Ukiuacha ndani kwa tamaa, nta ya moto inayeyusha uliyokwisha kuijenga, unautoa mwembamba kuliko ulivyouingiza. Kila mchovyo unaongeza kidogo sana, na mshumaa wa mezani wenye unene wa kidole gumba unaweza kutaka michovyo 25 au 30. Kwa hiyo mnakaa. Mnazungumza. Upepo wa bahari unapita, mtu anachovya, anatundika, anarudi kwenye kahawa yake. Wageni wenye haraka hupata shida hapa, na nadhani ndiyo saa bora ya darasa lote.

Asumini, vifuu na mafuta ya nazi

Tukiwa watu wa pwani, kila mmoja anafika na wazo la kuupamba mshumaa kwa vitu vya pwani. Nayapenda mawazo hayo, ila mengi hayafai motoni.

Mafuta ya nazi peke yake hayawezi kuwa mshumaa unaosimama, kwani yanayeyuka kwenye nyuzi joto kama 24, na mchana wa Bagamoyo ni yenye kumiminika. Kidogo ukiyachanganya na nta ya nyuki yanailainisha ikawaka vizuri kwenye kikombe. Asumini mbichi, mrihani, viungo vya kikuba, vyote vina maji, na maji ndani ya nta yanafanya mwali utatarike. Ukivikausha vinakuwa tambi za ziada: moto ukifika kwenye karafuu kavu, una mishumaa miwili badala ya mmoja. Vibandike nje, mbali na mwali, au tumia mafuta yake. Na mafuta ya manukato nayo yana kipimo. Nta nyingi zinabeba kama gramu 6 hadi 10 kwa kila gramu 100. Ukizidisha, mshumaa unatoa jasho juu na unawaka vibaya, bila kunukia zaidi.

Kifuu cha nazi kinapendeza sana pichani. Lakini sote tumekulia kwenye nyumba ambako kifuu kikavu huwashia jiko. Mshumaa ukiisha mle ndani, kinachofuata kuwaka ni chombo. Mimi nachagua kikombe cha udongo au cha bati.

Rangi za chakula za maji hazishikani na nta, na kalamu za nta za watoto zinaziba utambi.

Mawili ya haraka

Parafini ya mshumaa si mafuta ya taa. Zote mbili asili yake ni mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, lakini moja ni nta ngumu na nyingine ni kimiminika. Usije ukaongeza mafuta ya taa kwenye nta "iwake vizuri". Na wale wanaouza mishumaa ya nta ya nyuki kwa kusema inasafisha hewa ya chumba, hakuna ushahidi wa hilo. Mwali wowote unatumia hewa na kutoa moshi kidogo. Fungua dirisha. Nta ya nyuki inajitosheleza kwa harufu yake na mwanga wake, haihitaji kusingiziwa uganga.

"Ukishaganda, kazi imekwisha"

Mshumaa wa kikombe unapowashwa mara ya kwanza, uuache uwake mpaka dimbwi la nta lifike ukingoni pande zote, kama saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana. Ukiuzima mapema, kila utakapouwasha tena utafuata shimo lilelile. Nilimpelekea jirani mshumaa wangu wa kwanza bila kumwambia hili, akauwasha dakika kumi kumi wakati wa kusali, na nusu ya nta ilibaki pembeni bila kuguswa. Kosa lilikuwa langu.

Baada ya miezi kadhaa utaona ungaunga mweupe juu ya nta ya nyuki. Si ukungu wala nta haijaharibika. Ni mafuta ya nta yenyewe yamepanda juu. Futa kwa kitambaa laini.

Safari ya kurudi nayo ina yake. Mishumaa migumu inaruhusiwa hata kwenye begi la mkononi la ndege, ila ile ya jeli huhesabiwa kama kimiminika. Mimi narudi Dar kwa basi, na basi la saa nane mchana likisimama Kerege na Mapinga kupakia abiria, ndani ni tanuri. Usiweke mishumaa dirishani wala juu ya injini. Izungushie khanga, ilaze chini ya kiti kivulini. Yangu ilipinda mara ya kwanza, na nilikuwa karibu kuitupa. Fundi akaniambia kwa simu niitie kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache mpaka ilegee, kisha niiviringishe mezani taratibu kwa kiganja, kama ninayesukuma chapati. Ikanyooka yote minne.