Akwariamu yako ina maji magumu ghafla? Anza na mawe uliyookota ufukweni

Wiki hii tumeletewa tena chupa za maji hapa maabara na swali ni lile lile, yani akwariamu ilikuwa poa miezi yote, sasa majani machanga ya mimea yanatoka ya njano na kipimo cha ugumu kinapanda tu. Naomba niliongelee kwa kirefu kidogo, maana sisi wa Mtwara na Lindi tuna sababu zetu za pwani.

Kwanza tuelewane, maji magumu sio maji ya chumvi, hapa wengi wanachanganya. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka, ndio zinafanya sabuni igome kutoa povu na birika liote ukoko mweupe ndani. Kwenye boksi la kipimo cha matone utakuta GH, huo ndio ugumu wenyewe, na KH, hiyo ni kabonati inayozuia maji yasigeuke asidi haraka.

Kabla hujanunua dawa yoyote, pima maji ya aina mbili siku moja, ya bomba na ya kwenye tangi la samaki. Yakilingana, basi chanzo ndio kimebadilika, labda siku hizi unaletewa maji ya boza kutoka kisima kingine. Yakipishana sana shida iko ndani ya tangi.

Kuna kijana wa Shangani alituletea yake, ya bomba ugumu wake digrii 8, ya tangi 17. Tukaenda kuangalia. Chini kapanga mawe meupe yenye vitundu vitundu kama sega la nyuki, na makombe ya kaa na konokono, vyote vya Msimbati, na pembeni kaweka chupa ya hamira na sukari ya kupelekea mimea kabonidioksidi. Nikatoa jiwe moja, nikalikausha, nikalikwangua kwa kisu na kulikamulia ndimu pale palipokwanguliwa. Likachemka povu dogo dogo, unasikia kabisa kwa sikio linafanya tsss. Hilo ni tumbawe, ni chokaa tupu, na ile hewa ya hamira inaongeza asidi kwenye maji kwahiyo chokaa inayeyuka haraka zaidi. Mawe yakatoka, maji yakabadilishwa kidogo kidogo. Na tafadhali, Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, sio pa kuokotea mapambo.

Kama huna mawe ya hivyo, angalia unavyojazia. Joto letu linakausha maji lakini madini hayaruki na mvuke, yanabaki. Chukua tangi la lita 60 linalopungua lita 3 kwa wiki, wewe unajazia maji ya bomba ya digrii 10 na hubadilishi maji kabisa. Wiki 10 umeongeza lita 30, na tangi limefika digrii 15 bila kuweka kitu kingine chochote. Kinachopungua kijazie maji ya mvua, ila yale ya baada ya bati kuoshwa na mvua za kwanza.

Lakini na mvua nayo ina yake, hasa Desemba mpaka Aprili watu wakishakinga madumu wanabadilisha nusu ya tangi kwa mkupuo. Maji ya mvua hayana ugumu karibu kabisa, kwahiyo 12 inakuwa 6 ndani ya dakika kumi, samaki wanahema juu juu. KH nayo inashuka, na bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wanaendelea kuila kila siku, ikiisha asidi inapanda ghafla na unaweza kuamka asubuhi ukakuta wamekufa wote. KH ikishuka chini ya digrii 3 usisubiri, changanya na maji ya bomba. Nenda taratibu, digrii 1 au 2 kwa siku zinatosha.

Mimea pia inashusha KH. Valisneria, yale majani marefu kama utepe, ikikosa kabonidioksidi inachukua kabonati ya kwenye maji, ndio maana wakati mwingine unakuta majani yake yana unga mweupe, ukiyapitisha vidoleni yanakwaruza.

Kama una samaki aina ya gapi au moli na maji yako yametulia kwenye 14, waache, wanayapenda hivyo, kinachowaumiza ni kupanda na kushuka. Ukituletea maji ya kupima leta chupa mbili, ya bomba na ya tangi, uzijaze mpaka mdomoni pasibaki hewa, na uandike tarehe uliyobadilisha maji mara ya mwisho.