Je, wajua kwa nini watakatifu wengi waligeuzwa na kitabu?

Kanisani hapa Mombasa, iwe pale Holy Ghost mjini au parokia za Likoni na Changamwe, si ajabu kumsikia padre au katekista akihimiza watu wasome vitabu vya kiroho, na wengi wetu twaitikia ndio halafu tukifika nyumbani ni simu tu mpaka usingizi. Nadhani ni kwa sababu hatujaelezwa kitabu chafanya nini ndani ya mtu. Manake ukiangalia historia ya Kanisa, kuna watu wazito kabisa ambao maisha yao yalibadilika wakisoma.

Chukua Inyasi wa Loyola. Alikuwa askari Mhispania, mwaka 1521 kule Pamplona akapigwa na mzinga mguu ukavunjika, akarudishwa kwao akawa wa kulala tu wiki kwa wiki. Akaomba riwaya za mashujaa wa vita, maana ndizo alizopenda, lakini mle nyumbani hazikuwepo, akaletewa maisha ya Yesu na maisha ya watakatifu, basi akasoma hivyo hivyo. Sasa hapa ndipo mimi napapenda sana. Inyasi alianza kujichunguza. Akiwaza sifa za dunia na mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa ambaye yeye alimtamani, alisikia raha saa ile ile lakini baadaye moyo wabaki mkavu. Akiwaza kuishi kama Fransisko na Dominiko, raha yaja na hata akishaacha kuwaza bado iko, ametulia. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ilimfundisha kutambua ni roho gani inamvuta, na ndiyo imeingia kwenye Mazoezi ya Kiroho, utaratibu wa sala na tafakari aliouandika, ambao watu waufanya mpaka leo kwenye mafungo. Yaani kitabu kilimpa kitu kingine cha kuwaza, na kwa kuwaza huko akaanza kuujua moyo wake.

Teresa wa Avila, mtawa Mhispania wa karne ya 16, naye ana jibu lake. Ameandika kwamba kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu, isipokuwa akishapokea Komunyo, kwa vile mawazo yalikuwa yanamtawanyika. Mara nyingine akikifungua tu yanatulia, hata hajasoma mengi. Huyu ni Mwalimu wa Kanisa jamani, yaani mtakatifu ambaye Kanisa lamheshimu kwa mafundisho yake! Kwa hivyo wewe ambaye rozari kumi la kwanza halijaisha ushafika kwenye kodi ya nyumba, usikate tamaa, weka kitabu karibu.

Halafu tazama vile vitabu vinapokezana. Antoni wa Misri, kijana tu, aliingia kanisani akasikia Injili ikisomwa, nenda ukauze ulivyo navyo uwape maskini, akatoka akafanya hivyo. Askofu Atanasi akaandika maisha yake. Mwaka 386 kule Milano, Augustino, Mwafrika mwenzetu kutoka upande ambao leo ni Algeria, akahadithiwa kuhusu watu wawili waliokisoma kitabu hicho wakaacha kazi zao za serikali, roho ikamuuma, akiwa bustanini analia akasikia sauti ya mtoto ikisema chukua usome, akafungua barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya 13, na Pasaka iliyofuata akabatizwa. Augustino akaandika Maungamo, Teresa akayasoma mwaka 1554 akasikia kama ni yeye anaitwa pale bustanini. Teresa naye akaandika maisha yake, na mwaka 1921 Edith Stein, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani, akakisoma, na tarehe 1 Januari 1922 akabatizwa. Aliuawa Auschwitz mwaka 1942 na sasa ni mtakatifu.

Lakini si kusoma kwa mbio. Guigo wa Pili, mmonaki wa karne ya 12, alifananisha na kula: kusoma ni kutia chakula mdomoni, kutafakari ni kutafuna, kusali ni kupata ladha, na kumtazama Mungu kimya kimya ndio utamu wenyewe. Ndio ile lectio divina, yaani kusoma Neno la Mungu polepole kwa sala. Sisi wengi twatia mdomoni tu twameza, tena siku hizi ni nukuu za watakatifu za WhatsApp, unasoma tano kwa dakika moja na hakuna hata moja iliyokaa. Mtakatifu Benedikto aliagiza kila mmonaki apewe kitabu kimoja mwanzo wa Kwaresima na akisome chote kwa mpangilio, asirukeruke.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, chukua Injili ya Marko, ina sura 16 tu, halafu maisha ya mtakatifu mmoja, muulize padre wako akuchagulie. Dakika kumi zatosha, hata ukingoja feri. Mstari ukikushika usiendelee, kaa hapo, mwambie Yesu unavyosikia, na kesho anzia hapo hapo.