Mkataba wa biashara unaanza siku gani?

Mabishano yanayofika kwetu, ofisi ya notari (afisa anayethibitisha hati) hapa Lubumbashi, yanazidi, na mengi yanatoka kwenye tarehe. Muuzaji wa Kasumbalesa anatia sahihi tarehe 5, mnunuzi wa Kampemba tarehe 20, na karatasi haisemi mkataba unaanza lini. Kamio ikipinduka njiani kati ya siku hizo, kila mmoja anashika tarehe inayomfaa.

Tangu dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, mapatano halali ni sheria kwa waliopatana. Basi tarehe ya kuanza ni ile mliyoandika. Msipoandika, katika kuuziana bidhaa tunafuata OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, zinazotumika nchini Kongo tangu 12 Septemba 2012: kukubali kwa mnunuzi kunapata nguvu kunapomfikia aliyetoa pendekezo. Sahihi ya tarehe 20 iliyobaki kwenye droo Kampemba bado haijamfunga mtu. Na kama mliandika "benki ikikubali mkopo", ngojeni benki.

Muhuri wa notari hauanzishi mkataba. Tunalirudia hili kila wiki, na bado watu wanakuja wakisema mkataba wao "haujazaliwa" kwa sababu haujapita kwetu! Kazi ya muhuri ni kuipa tarehe nguvu mbele ya watu wa nje, kama mdai wa mwenzako au mnunuzi wa pili wa mali ileile. Kwa hilo mnafika wenyewe na kadi za mpiga kura, notari anawasomea hati mbele ya mashahidi, mnakiri kwamba ndiyo nia yenu, wote wanatia sahihi, kisha hati inapewa namba na kuwekwa kwenye kumbukumbu za ofisi.

Kuandika kwamba mapatano yanahesabiwa tangu mwezi uliopita, ninyi kwa ninyi, ni ruhusa. Kuandika kwamba mlitia sahihi mwezi uliopita, ili kumdhulumu mtu, ni kughushi: kifungu cha 124 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 na faini, au adhabu moja kati ya hizo. Anayeitumia hati hiyo akijua ni ya uongo anaadhibiwa vilevile.

Kila mmoja aandike tarehe kwa mkono wake kando ya sahihi yake, na kifungu cha kwanza kiseme: "Mkataba huu unaanza kutumika tarehe fulani, hata sahihi zikitiwa siku tofauti."