Kuchuja mafuta hakuyageuzi dizeli: dhana potofu kuhusu biodizeli ya nyumbani

Karibu kila injini iliyoharibiwa na mafuta ya kukaangia huletwa na utetezi uleule: "Lakini niliyachuja." Mmoja kayachuja kwa kitambaa, mwingine kwa chujio la maikroni 5, wa tatu anakuinulia chupa juani uone yanavyong'aa. Yanang'aa kweli. Na bado ni mafuta ya kupikia.

"Mafuta yakichujwa vizuri ni dizeli"

Chujio huondoa makombo na masizi. Haliondoi maji yaliyoyeyuka ndani ya mafuta, haliondoi asidi huru zilizozaliwa wakati wa kukaanga, na kubwa kuliko yote, haligusi molekuli yenyewe. Molekuli ya mafuta ya mimea ni minyororo mitatu ya asidi ya mafuta iliyoshikizwa kwenye gliseroli moja. Uzito wake ni karibu mara tatu ya molekuli ya biodizeli, yaani mafuta hayohayo yakishabadilishwa kikemikali ili yaungue kama dizeli. Kwa nyuzi 40 za Selsiasi, mnato wa mafuta ya mimea ni milimita mraba 30 hadi 40 kwa sekunde. Dizeli ni 2 hadi 4.5, na biodizeli iliyotengenezwa sawasawa ni 3.5 hadi 5. Hakuna kitambaa duniani kinachoshusha 35 ikawa 4.

Nozeli ya dizeli imetobolewa kwa ajili ya kimiminika chepesi. Ukiipa kizito, badala ya kupulizia ukungu inatoa matone makubwa. Tone kubwa haliungui lote kwa muda mfupi uliopo. Linagonga kichwa cha pistoni na ukuta wa silinda, na kinachobaki kinageuka kaboni ngumu. Kwanza inajengeka kwenye ncha ya nozeli, upuliziaji unazidi kupinda, kisha kaboni inaingia kwenye mifereji ya ringi za pistoni. Ringi zikishanata, mafuta yasiyoungua yanateremka hadi kwenye oili ya injini. Dizeli ikiteremka huko, sehemu yake huvukizwa na joto. Mafuta ya mimea hayavukizwi. Yanakaa, yanapashwa, yanapigwa na hewa, na molekuli zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe mpaka oili inakuwa nzito kama uji. Pampu ya oili haisukumi uji.

Haya yote hayatokei siku ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Injini inawaka, inavuta, moshi unanukia jikoni, mwenye gari anatangaza ushindi. Mbio za sakafuni hizo. Dalili huja baadaye: kuwaka kwa shida asubuhi, mlio usio sawa injini ikiwa baridi, moshi mweupe unaochelewa kuisha, na kijiti cha kupimia oili kinachoonyesha oili imeongezeka bila wewe kuongeza. Ukiona hiyo ya mwisho, zima. Mwaga oili yote na ubadilishe chujio lake kabla hujawasha tena.

Wabishi huleta jina la Rudolf Diesel: si alibuni injini yake kwa mafuta ya karanga? Hapana. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya Diesel kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe alilieleza tukio hilo mwaka 1912. Injini ile ilikuwa imeundwa kwa mafuta ya madini. Ya karanga yalijaribiwa tu humo. Tena injini za wakati ule zilipulizia mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa. Usiilinganishe na injini ya leo inayosukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000 kupitia vitundu usivyoweza kuviona vizuri kwa macho.

Kuna pia wanaochanganya mafuta na mafuta ya taa au petroli "ili yawe mepesi". Mnato unapungua, ndiyo, lakini molekuli nzito zote bado zimo na zitaacha kaboni ileile. Petroli inaongeza na lake: tangi la dizeli sasa linatoa mvuke unaoshika moto kirahisi.

Njia pekee ya haki ya kutumia mafuta yasiyobadilishwa ni mfumo wa matangi mawili. Unawasha kwa dizeli, unapasha mafuta mpaka nyuzi 70 au 80, ndipo unahamia tangi la pili, na unarudi kwenye dizeli dakika chache kabla ya kuzima ili pampu na nozeli zisilale na mafuta mazito. Hata hivyo, hiyo ni ya injini za zamani zenye chumba cha awali cha kuunguzia. Injini inayopulizia moja kwa moja juu ya pistoni iache kabisa.

Kinachoyageuza mafuta kuwa biodizeli ni mmenyuko wa kikemikali. Methanoli (alkoholi nyepesi yenye sumu), ikisaidiwa na kichocheo (kwa kawaida kostiki, yaani haidroksidi ya sodiamu), inaichambua ile minyororo mitatu kutoka kwenye gliseroli. Kwa kila lita 100 za mafuta makavu unahitaji lita 20 hadi 22 za methanoli. Kichocheo kinayeyushwa kwanza ndani ya methanoli hiyo, kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko wa kubana, kidogo kidogo kwa sababu kinatoa joto. Usitumie aluminiamu wala bati la zinki: kostiki huvila na kutoa gesi ya haidrojeni. Mafuta yanapashwa hadi nyuzi 55 kwa umeme, si kwa moto, maana methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7. Unaiingiza polepole huku pampu ikizungusha, unaendelea kuzungusha saa moja hadi mbili, kisha unaacha itulie usiku kucha. Gliserini (ndiyo ile gliseroli iliyoachwa) nzito ya kahawia inakaa chini, biodizeli juu. Hapo sasa mnato umeshuka, na hakuna chujio lililofanya kazi hiyo.

"Kipimo cha kostiki ni kimoja kwa mafuta yote"

Hii ya pili kwa kuudhi. Mtu ananakili gramu za mwenzake, anapata ndoo ya sabuni, kisha anasema mafuta yalikuwa mabaya. Mafuta yaliyokaangiwa yana asidi huru, na kiasi chake kinategemea yametumika muda gani na kwa joto gani. Asidi hiyo inaila kostiki kabla mmenyuko haujaanza. Lazima upime, na upimaji wenyewe hauchukui dakika kumi.

Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea betri, si asidi ya betri). Weka mililita 10 za alkoholi ya isopropili kwenye chupa ndogo, dondoshea fenolftaleini (kionyeshi kinachogeuka waridi asidi ikiisha) matone mawili matatu, kisha mmumunyo wa kostiki tone moja moja mpaka rangi ya waridi hafifu itokee. Hatua hiyo wengi huiruka, na ndiyo inayofuta asidi ya alkoholi yenyewe isihesabiwe. Sasa ongeza mililita 1 kamili ya mafuta kwa bomba la sindano, tikisa mpaka yayeyuke, na uanze kudondosha mmumunyo huku ukihesabu. Waridi ikirudi na kudumu nusu dakika, simama. Mililita ulizotumia ndizo gramu za ziada kwa kila lita ya mafuta, juu ya gramu 5 za msingi.

Mfano: umetumia 2.5. Utaweka gramu 7.5 kwa lita. Kwa lita 40 ni gramu 300, pamoja na methanoli lita 8 hadi 8.8. Rudia kipimo mara tatu. Majibu yakipishana kwa zaidi ya nusu mililita, mkono wako haujatulia au mafuta hayakukorogwa. Yakizidi 5, usijitese: changanya na mafuta mazuri zaidi au yaache.

Kopo la kostiki lililoachwa wazi limeshanyonya unyevu na kaboni dioksidi, kwa hiyo gramu zake si gramu tena. Binafsi napendekeza haidroksidi ya potasiamu badala ya ile ya sodiamu. Ni ghali zaidi, lakini inayeyuka upesi katika methanoli na gliserini yake haigandi chini ya mtambo. Msingi wake ni gramu 7 kwa lita ikiwa safi kabisa, karibu 8 ikiwa ya asilimia 90, na mmumunyo wa kupimia nao utengenezwe kwa potasiamu hiyohiyo, si kwa sodiamu.

Na wale wa "ongeza kidogo kwa usalama": kostiki ya ziada inatengeneza sabuni, sabuni inashika maji, na siku ya kuosha utapata mchanganyiko mweupe usiotengana. Maji ndani ya mafuta yana madhara hayohayo. Pasha kijiko cha mafuta. Yakitatarika yana maji, yarudishe kwenye joto yakauke kwanza.

"Ikiwa ya dhahabu na imetengana, imeiva"

Macho tena. Gliserini inaweza kutengana vizuri kabisa huku sehemu kubwa ya mafuta haijabadilika. Pima: mililita 27 za methanoli kwenye joto la kawaida la chumba, mililita 3 za biodizeli iliyokwisha kutulia, tikisa, subiri dakika kumi au zaidi. Biodizeli huyeyuka katika methanoli, mafuta hayayeyuki. Ukiona tone limekaa chini ya chupa, mmenyuko haukukamilika, na bechi hiyo irudi mtamboni kwa dozi ndogo ya methanoli na kichocheo. Yeyote anayeuza au kugawa biodizeli bila kipimo hiki anabahatisha na injini za wenzake.

"Kuosha ni mapambo"

Biodizeli isiyooshwa imebeba sabuni, mabaki ya kichocheo na methanoli. Sabuni huacha majivu kwenye nozeli. Methanoli hushambulia mipira na pampu. Anza kwa maji ya ukungu, polepole, bila kukoroga kwa nguvu. Endelea mpaka maji yatoke safi, kisha tikisa nusu chupa ya biodizeli na nusu ya maji kwa nguvu: zikitengana upesi na mstari mkali katikati, inatosha. Baada ya hapo ikaushe kwa nyuzi 50 hadi 60 huku ikizungushwa na mfuniko wazi. Biodizeli iliyopoa na kukauka unaweza kusoma gazeti kupitia chupa yake. Maji ya kuoshea yana methanoli. Hayamwagwi kisimani wala mtoni.

"Spiriti yoyote inafaa"

Haifai. Ethanoli ya kawaida ina maji, na kuikeneka peke yake hakukuvushi zaidi ya asilimia 95 na ushei. Maji hayo yanatosha kukupa sabuni. Hata ikiwa kavu kabisa, gliserini yake hutengana kwa shida.

"Methanoli nimeizoea"

Mwili hauizoei. Inapita kwenye ngozi na kwenye mapafu, na ini huigeuza asidi ya fomiki inayoharibu neva ya macho. Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24, kwa hiyo aliyemwagikiwa sana au kumeza apelekwe hospitali akiwa bado anajisikia vizuri. Barakoa ya mkaa hujaa haraka sana kwa mvuke wa methanoli; kinachokulinda ni hewa wazi na mabomba yasiyovuja. Mwali wake hauonekani vizuri mchana. Mtu anaweza kuwa anaungua na wewe usione moto.

"Biodizeli inaharibu chujio la gari"

Inaling'oa tope la dizeli lililolala tangini kwa miaka, na tope hilo ndilo linaloziba chujio. Beba chujio la akiba kwa matangi mawili matatu ya mwanzo. Mipira ya asili na ya naitraili italainika na kuvimba, weka ya Viton, mpira unaohimili biodizeli. Gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi ni jambo jingine: likijisafisha kwa kupulizia dizeli ya ziada, biodizeli huteremka kwenye oili na haivukizwi kirahisi, kwa hiyo badilisha oili mapema au tumia mchanganyiko mdogo tu.

"Gliserini inayobaki ni losheni"

Ina methanoli na kostiki. Ukiipaka utajiunguza.

"Haiharibiki, ihifadhi utakavyo"

Hewa, mwanga, shaba na shaba nyeupe huichachusha. Jaza chombo hadi juu, kiweke gizani, itumie ndani ya miezi sita. Iliyotoka kwenye mafuta ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16, kwa hiyo kwenye baridi ichanganye na dizeli kabla haijaganda, si baada. Na matambara uliyopangusia mafuta au biodizeli usiyarundike pembeni ya karakana: mafuta yanayokauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Yatandaze nje moja moja, au yatumbukize kwenye ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko.