Jicho Jekundu: Pima Kwanza, Matone Baadaye

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya Kilimanjaro na Arusha, leo naomba tuongee kuhusu jicho jekundu, na hasa yale matone yenye antibayotiki na steroidi (dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe) ndani ya chupa moja. Ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua anatibu nini. Shida ni kwamba hutolewa kabla jicho halijaangaliwa.

Kipimo kinachorukwa kuliko vyote ni cha kuona. Chati ya herufi, au ya E kwa asiyesoma, umbali wa mita 6, jicho moja moja, jingine likiwa limefunikwa kwa kiganja. Akifunika kwa vidole atachungulia, na watoto ndio mabingwa wa mchezo huo. Huna chati? Ahesabu vidole vyako, andika umbali. Yale macho mekundu ya virusi yaliyotusumbua mwanzoni mwa 2024 huwasha, hutoa machozi na tongotongo, lakini kwa kawaida mgonjwa akishafuta uchafu anaona vizuri. Asipoona vizuri, usimpe matone ya antibayotiki ya kloramfenikoli na kumwambia arudi wiki ijayo.

Halafu chukua tochi, mulika kwa upande. Wekundu uliojaa ndani ya kope na pembezoni mara nyingi ni wa utando wa juu tu. Uliokolea kuizunguka sehemu nyeusi unakuambia shida iko kwenye kioo cha jicho (konea, ile sehemu angavu ya mbele) au ndani zaidi. Tazama mboni pia. Ikiwa ndogo na haina umbo la duara, fikiria uvimbe wa ndani ya jicho. Ikiwa imetanuka, haisinyai ukimulika, kioo kina ukungu, na mgonjwa anaumwa kichwa na kutapika, hiyo ni presha ya macho ya ghafla. Mgonjwa wa namna hii hutundikiwa dripu ya malaria, maana anatapika na hakuna aliyemfunua jicho. Anatakiwa hospitali ya rufaa siku hiyohiyo.

Sasa niseme kinachonikera. Msimu wa palizi, mtu anachapwa jichoni na jani la mahindi, au kijiti cha mti wa kahawa kinamchoma wakati wa kuchuma. Anapita duka la dawa, anapewa matone yenye steroidi. Baada ya siku chache wekundu umepungua, maumivu yametulia, anamshukuru muuzaji. Lakini wekundu ule ulikuwa ni mwili unapigana. Steroidi imewanyang'anya askari silaha, na fangasi walioingia na lile jani wanaendelea kula kioo bila upinzani. Anapofika kwetu Moshi, doa jeupe limeshatanda katikati.

Doa hilo lingeonekana mapema kwa karatasi ya fluresini, rangi ya kupimia jicho. Ilowanishe kwa tone la maji safi, gusa ndani ya kope ya chini, mwambie apepese, kisha mulika kwa mwanga wa bluu: palipochubuka panang'aa kijani. Mchubuko mdogo usio na doa mpe antibayotiki, tetrasaiklini ya kupaka ya 1% inatosha kwa wengi, na umwone tena kesho yake. Ukiona doa jeupe, mpe rufaa leo. Kingo zilizochanika-chanika, vidoa vidogo pembeni, au usaha uliotuama chini nyuma ya kioo, vyote vinanifanya nifikirie fangasi. Dawa yake, natamaisini ya 5%, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, lakini usitegemee kuikuta kwenye zahanati.

Ukichukua historia, usiulize "Umetumia dawa za kienyeji?" Atakataa. Uliza, "Mama, kabla ya kuja hapa uliweka nini jichoni?" Utasikia majani yaliyopondwa, maziwa ya mama, na pengine matone ya mumewe.

Kuna wawili wasiosubiri hata chati. Aliyeingiwa na chokaa, tindikali ya betri au sumu ya swila aoshwe kwa maji mengi kwa nusu saa ndipo faili lifunguliwe. Na kichanga mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba siku za mwanzo za maisha anahitaji seftriaksoni ya sindano na rufaa, kwa sababu kisonono hutoboa kioo upesi. Mama na baba nao watibiwe.

Wanaobaki ni watoto wa aleji, na ni wengi. Mtoto anafikicha macho kutwa, weupe wa jicho umegeuka rangi ya udongo, ukipindua kope ya juu unakuta vinundu. Steroidi humtuliza haraka, ndiyo maana mama hujinunulia tena na tena, na baada ya miezi kadhaa presha ya macho inapanda kimyakimya na mtoto wa jicho anaanza. Mwanzishie kromoglaiketi, matone ya aleji yasiyo na steroidi, mara 4 kwa siku, na mweleze mzazi kuwa itachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, la sivyo ataiacha. Kitambaa cha maji baridi kinasaidia mwasho. Akihitaji steroidi, awe chini ya kliniki inayopima presha ya macho. Mimi huandika tarehe ya kuacha juu ya chupa yenyewe, na humwambia mama aitupe siku hiyo, maana chupa iliyobaki kabatini huazimwa na jirani.