Nusu siku ya umeme: hesabu ya maji ya Usangu

Kila kina cha bwawa la Mtera kinaposhuka, lawama hupanda mto hadi Usangu, tambarare ya mpunga ya Mbarali mkoani Mbeya. Ilikuwa hivyo miaka ya 1990, ikawa hivyo mwaka 2006 mgawo wa umeme ulipoibana nchi, ikarudi tena 2015 mitambo ya maji ilipozimwa kwa ukame. Hoja ni ile ile: wakulima wa mpunga na wafugaji wa Mbarali wanayamaliza maji ya Ruaha Mkuu, kwa hiyo Mtera na Kidatu hazina cha kuzungushia mitambo. Kazi yangu ni uchumi wa maji na nishati, na hoja hii nimeikuta kwenye ripoti, kwenye vikao vya bonde, hata kwenye daladala. Leo naomba tuipigie hesabu. Kuna watu walihamishwa kwa ajili yake, na bado inatuziba macho tusione tatizo lenyewe.

Tuanze na njia ya maji. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe inashuka kutoka nyanda za juu na kumwagika kwenye tambarare ya Usangu, kisha inaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, mahali panapoitwa N'giriama, na mlango huo una kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea. Yakiwa chini yake, hata kwa kiganja kimoja, hakuna kinachotoka. Yanayopita yanavuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanapokewa Mtera pamoja na maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo, yanashuka Kidatu, yanaungana na Rufiji, na siku hizi yanaishia kwenye mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kabla ya kuelekea baharini.

Mita moja ya ujazo ya maji ikianguka mita 367 inabeba nishati ya uniti moja kamili ya umeme, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye mitambo. Mtera maji yanaanguka takriban mita 100, Kidatu takriban 175. Ukitoa upotevu, mita moja ya ujazo inayopita mabwawa hayo mawili inazaa kama uniti 0.65. Ongeza Bwawa la Nyerere, na inakaribia uniti 0.9. Maji yale yale yanauzwa mara tatu, na ndiyo maana watu wa umeme hupata kizunguzungu wakiona mfereji uliojaa maji huko juu.

Sasa upande wa mpunga. Hekta moja ya mpunga hunywa maji ya kama mita moja ya kina kwa msimu, yaani mita za ujazo 10,000 zinazokwenda hewani kwa mvuke na kupitia majani. Nasema zinazokwenda hewani kwa makusudi. Maji yanayoingia shambani ni mengi zaidi, lakini sehemu yake hutiririka kutoka jaruba hadi jaruba na kurudi mtoni, na anayehesabu kila kilichoingia kwenye banio, kizuizi kinachogeuzia maji ya mto mferejini, kama kilichopotea anamsingizia mkulima. Kwa hizo mita 10,000, tuseme mkulima anavuna tani 4 na anauza shambani kwa shilingi 800 kwa kilo: ni shilingi milioni 3.2. Akishatoa mbegu, mbolea, kulima, kupandikiza na kuvuna, tuseme anabaki na nusu, milioni 1.6.

Maji hayo hayo yakienda kwenye mabwawa yote matatu yanatoa uniti 9,000. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, ni shilingi milioni 2.6. Wengi husimama hapa na kutangaza kwamba umeme umeshinda. Lakini bei ya Luku, umeme wa kulipia kabla, ndani yake ina nguzo, nyaya, transfoma na mishahara. Thamani ya maji kwa umeme ni gharama unayoikwepa kwa kuyatumia, yaani gesi ambayo Kinyerezi na Ubungo hazitalazimika kuichoma. Ukiweka gharama hiyo shilingi 120 kwa uniti, maji ya hekta moja yana thamani ya kama shilingi milioni 1.1, na mkulima amewapita. Ongeza nusu kilo ya hewa ukaa inayookolewa kwa kila uniti ya gesi isiyochomwa na pengo linapungua, ila halifungiki kirahisi. Mwaka ambao gesi haitoshi na nchi inakodi majenereta ya mafuta, kama 2006, mizani inaelemea umeme bila ubishi.

Kwa hiyo ukiniuliza kipi kina thamani zaidi, mpunga au umeme, nitakuuliza: mwezi gani, mwaka gani, na maji yako wapi? Mwezi Machi wa mwaka wa mvua nyingi, Mtera ikiwa imejaa hadi mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na maji yanamwagika, mita moja ya ujazo ya ziada haina thamani yoyote pale. Mwaka mkavu, kina kikikaribia mita 690 ambazo ndizo mwisho wa kuzalisha, kila tone ni la thamani. Wastani wa nyakati hizi mbili hauelezi hali ya wakati wowote kati yao, na sera nyingi za bonde hili zimejengwa juu ya wastani.

Tuje sasa kwenye kiangazi, maana ndiko kelele ziliko. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kila kiangazi, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza London ahadi ya kuurudisha mtiririko wa mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulipita na mto ukaendelea kukauka. Aprili 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuokoa ikolojia ya mto huo. Shughuli zote hizi zina haki yake. Ila mara nyingi zimebebwa na maneno kwamba tukiurudisha mto wa kiangazi tutakuwa tumeokoa umeme.

Watafiti waliopima Ihefu miaka ya 2000 walikadiria kwamba ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke N'giriama wakati wa kiangazi, kama mita 7 kwa sekunde zinatakiwa ziingie. Zilizobaki zinaliwa na jua na matete. Tuseme tumefanikiwa. Nusu mita kwa sekunde kwa siku 120 ni mita za ujazo milioni 5.2. Tukubali, kwa ukarimu mkubwa, kwamba zote zinafika Mtera bila kupotea njiani. Mara 0.65, tunapata uniti milioni 3.4. Mtera ina megawati 80 na Kidatu 204. Zikifanya kazi kwa nguvu zote, kwa siku moja zinatoa uniti milioni 6.8. Maji yote ya kiangazi tuliyoyapigania, basi, ni nusu siku ya umeme wa mabwawa hayo mawili.

Nusu siku, kwa mwaka mzima.

Mtera hujazwa na mvua za Desemba hadi Mei. Kinachoamua kama tutakuwa na mgawo ni mafuriko ya miezi hiyo, maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo, na uamuzi wa kufungua mageti kiasi gani na lini. Tafiti zilizopitia mwenendo wa mabwawa hayo kwa miaka ya 1990 ziliona kwamba namna maji yalivyoachiwa ilikuwa na mchango mkubwa katika upungufu kuliko mifereji ya kiangazi. Sishangai. Ukiwa na nchi inayodai umeme leo na bwawa lililo nusu, shinikizo la kuzalisha sasa na kuombea mvua baadaye ni kubwa mno.

Tena kuna mtumiaji wa maji asiyetajwa vikaoni: jua juu ya Mtera. Bwawa likijaa lina eneo la takriban kilomita za mraba 600, katika ukanda mkavu kati ya Iringa na Dodoma ambako mvuke huweza kuchukua karibu mita mbili za kina kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mita za ujazo bilioni moja, kabla ya kupunguza mvua inayonyesha juu ya bwawa. Mpunga wote wa Usangu, ukichukua hekta 40,000 za mwaka mzuri kwa vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 2000, hunywa kama milioni 400. Simaanishi Mtera isingejengwa. Bila hifadhi hiyo Kidatu ingekuwa kibarua wa msimu. Ila uwanda huo wa maji mapana na mafupi una gharama yake, na gharama hiyo haijawahi kuhamishwa na askari.

Wafugaji walihamishwa. Kati ya 2006 na 2007, mgawo wa umeme ukiwa umeshika kasi, serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao Usangu na Ihefu, na mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Zipo sababu za uhifadhi zinazoweza kutetewa, na mimi mwenyewe naamini Ihefu inahitaji ulinzi. Lakini umeme haukuwa sababu halali. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku. Hata laki tatu kwa lita 50 ni mita za ujazo 15,000 kwa siku, sawa na 0.17 kwa sekunde. Kaya zilipoteza mifugo na maisha kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari angeweza kuikagua.

Sitaki msomaji adhani kwamba kilimo cha juu hakina dosari. Kinayo, na nikikupeleka kwenye banio moja utaiona. Banio la asili ni magogo, mawe, nyasi na tope lililokatiza mto. Linavuja. Mafuriko yakija linabebwa, wakulima wanalijenga upya kwa nguvu zao. Kuanzia miaka ya 1990 miradi mingi ya kuboresha skimu iliondoa mabanio hayo na kuweka ya zege yenye lango la chuma. Kwenye makaratasi ufanisi ulipanda. Kwa mtu wa chini, kile kilichokuwa kinavuja ndicho kilichokuwa mgao wake. Banio la zege wakati wa kiangazi linaweza kuupokea mto mzima, na maji yakipita juu ya kizuizi ni kwa hiari ya mwenye ufunguo wa lango. Vibali vya maji navyo viliandikwa kwa lita kwa sekunde, namba moja isiyobadilika. Kibali cha lita 500 kwa sekunde ni cha haki mwezi Februari mto ukiwa na lita 20,000. Mwezi Oktoba mto ukiwa na lita 400, kibali hicho kinampa mmoja mto wote na zaidi, tena kihalali.

Hapa ndipo ningeanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu masharti ndani ya kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi, vituo vya kupimia na watu wanaoijua mito hii. Kibali cha kiangazi kiandikwe kwa mgawanyo: sehemu ya mto uliopo siku hiyo. Zege lenyewe lijengwe likiwa na pengo la chini lisilofungika, ili sehemu fulani ipite bila kumwomba mtu yeyote. Ni kazi ya fundi, haihitaji mkutano wa kimataifa.

Jambo la pili ni ndoo. Sehemu kubwa ya mifereji inayobaki wazi kiangazi haimwagilii chochote cha maana. Inapeleka maji ya kunywa, kufulia na kufyatulia tofali kwenye vitongoji vilivyo mbali na mto, na kwa kila ndoo inayofika, sehemu kubwa imeshamezwa na udongo na majaruba matupu. Kitongoji cha watu 2,000 kinahitaji mita za ujazo 50 kwa siku kwa lita 25 kila mtu. Mfereji wa lita 50 tu kwa sekunde unapitisha mita 4,320 kwa siku. Visima vya kuaminika na bomba vingeuwezesha mfereji kufungwa Julai hadi Novemba bila mama yeyote kukosa maji. Kwa fedha zilizotumika kwenye operesheni na kikosi kazi, visima vingapi vingechimbwa? Wakulima huniuliza swali lenye mantiki kabisa: nikiacha maji yapite, nani atanilipa? Kisima ni malipo anayoweza kuyaona.

Na anayefaidika alipe. Mto wa kiangazi unaokoa viboko, samaki, na watalii wanaokuja Ruaha katika miezi hiyo hiyo ya ukavu. Faida hiyo ni ya kweli na inatosha kuutetea mto bila kukopa hoja ya umeme. Sehemu ya mapato ya hifadhi ikielekezwa kwenye visima na malango ya Mbarali, ni ununuzi wa maji kwa bei nafuu sana.

Bwawa la Nyerere limebadilisha tena mizani. Lina megawati 2,115, mitambo tisa ya 235 kila mmoja, na bwawa lenye zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, ambapo mafuriko ya mito ya Kilombero na Luwegu ni mengi kuliko ya Ruaha. Mwaka 2024, mvua zikiwa nyingi, baadhi ya vituo vya maji vilipumzishwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Katika msimu kama huo maji ya ziada ya Usangu hayaongezi hata uniti moja, na anayemnyima mkulima wa skimu ya Madibira, huko Mbarali, maji ya Machi kwa jina la gridi anaharibu mpunga bure. Mwaka mkavu ukija, hali itageuka, na kwa mabwawa matatu mfululizo thamani ya kila mita itakuwa juu kuliko zamani. Ndiyo maana nawasihi wanaoandaa mipango ya bonde waweke kanuni mbili tofauti, ya mwaka wa neema na ya mwaka wa ukame, na zijulikane Novemba kabla mkulima hajamwaga mbegu kitaluni. Akiambiwa Novemba kwamba mwaka huu ni hekta mbili badala ya tatu, atapanga. Akiambiwa Februari, mpunga ukiwa umeshapandikizwa, atavunja kufuli la lango usiku.

Kikao kijacho mtu akisimama na kusema Usangu imezima taa za Dar es Salaam, muulizeni ni maji ya mwezi gani.